Kiti Kirefu cha Mzee Ewoi

Siku hizi ukimwona kijana wa Kiturkana amekaa, amekaa juu ya plastiki, au juu ya jerikeni, au juu ya pikipiki ambayo si yake. Ewoi alikaa juu ya ekicholong. Alikichonga mwenyewe kutoka kwa mti mgumu wa upande wa Lokiriama, mwaka ule alipopokelewa kuwa mtu mzima. Kilikuwa kiti kidogo cha kubeba mkononi, chenye mguu mmoja na kamba ya ngozi, na urefu wake haukufika nusu ya muundi wa mtu. Mchana alikikalia. Usiku alikiweka chini ya shingo akalala. Jasho la kichwa chake na jasho la matako yake yalikifanya kikawa cheusi na laini kama jiwe la mtoni.

Nimemjua Ewoi tangu tulipokuwa tukinywesha mbuzi kwenye visima vya mchanga vya mto Tarach, kabla ya kambi ya wakimbizi, kabla ya lami, wakati Kakuma ilikuwa miti na watu wachache wanaofahamiana. La kwanza la kusema juu yake ni kwamba alitembea. Alikwenda Lowarengak kubadilisha mbuzi kwa samaki mkavu. Alikwenda mpaka Todonyang kumtafuta ngamia mmoja tu aliyepotea, akampata, akarudi naye bila kumlaumu mtu. Popote alipofika aliweka ekicholong chini, akakaa, na hapo pakawa nyumbani.

Nyonga ilianza kumsumbua polepole. Kwanza alilaumu ndara zake za tairi, akazikata upya. Kisha akaanza kutembea kama mtu aliyebeba ndoo upande mmoja. Lokeno alikuwa wa kwanza kumtania mbele ya wazee. Alisema kwamba Ewoi amekuwa na adabu sana uzeeni, anaisalimia ardhi kila hatua. Watu walicheka, na Ewoi akacheka zaidi yao, kwa sababu Lokeno alikuwa lopae wake.

Vijana hawajui tena neno hilo, kwa hiyo nitalieleza. Lopae ni rafiki wa mifugo. Unampa ngamia wakati wako wa kushiba, naye anakupa wakati wako wa njaa, na watoto wenu wanaitana ndugu. Lokeno aliwahi kuporwa mifugo yote na wavamizi katika usiku mmoja, akabaki na mkuki na mke. Ewoi aligawa zizi lake nusu kwa nusu. Hakuna aliyeandika chochote, hakuna aliyetia kidole gumba kwenye karatasi. Tulikuwa watu wa namna hiyo.

Ilipofika mahali Ewoi hawezi kwenda hata kisimani, binti yake Nakiru, anayepika katika shule moja hapo Kakuma, alimpeleka hospitali Lodwar. Nilikwenda nao kwa sababu Ewoi hajui Kiswahili cha hospitali, nami nilijifundisha kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, wakati sukari ilifungwa kwa magazeti. Daktari wa mifupa alikuwa mgeni aliyekuja kwa siku chache. Alituonyesha picha ya nyonga kwenye mwanga. Alisema kichwa cha mfupa kimelika, hakina ute, na dawa ya kumeza haitakirudisha. Kitakatwa, na mahali pake patawekwa chuma.

Ewoi aliuliza ni nani aliyemfanyia hivyo.

"Miaka, mzee," daktari akasema. "Ni miaka tu."

Ewoi alinitazama kuona kama nimetafsiri vizuri. Zamani ugonjwa ulikuwa na mwenyewe. Ulijua ni jirani gani, ni neno gani lililosemwa, ni mbuzi gani wa kuchinja. Sasa ni miaka, na miaka huipeleki mbele ya wazee.

Daktari alituacha na Jerotich, dada mtaalamu wa viungo, Mkalenjin mwenye sauti ya upole na mikono yenye nguvu. Huyo ndiye aliyetueleza maandalizi, maana ilibidi Ewoi ajiandae kwa miezi kabla ya kukatwa. Tumbaku aache, kidonda kisikatae kupona. Meno yatazamwe, kwa sababu uchafu wa jino bovu unaweza kusafiri kwa damu mpaka kwenye chuma. Mganga wa meno alishangaa kukuta meno mawili ya chini hayapo, akauliza yalioza lini. Ewoi alimwambia yalitolewa akiwa mtoto, makusudi, kwa mila yetu, na kwamba hayo ndiyo pekee ambayo hayajawahi kumuuma.

Kisha Jerotich akaeleza kuhusu kukaa. Chuma kikishaingia, goti lisipande juu ya nyonga. Asichuchumae. Asikunje mguu juu ya mguu. Asiiname kuokota kitu chini. Kitanda kiinuliwe, choo kiinuliwe, na kiti kiwe kirefu, kigumu, chenye mikono ya kushikilia. Kiti cha chini, alisema, kinaweza kuing'oa ile nyonga mpya kutoka mahali pake.

Ewoi akavua ekicholong kutoka mkononi, akakiweka mezani mbele yake.

Jerotich alikichukua, akakigeuza, akakisifu. Kisha akakirudisha taratibu.

"Hiki hapana, mzee."

"Mpaka lini?"

"Miezi ya kwanza hata usikiangalie. Baada ya hapo daktari atasema, lakini ungekuwa baba yangu ningekuambia maisha."

Njiani kurudi Kakuma alikipakata kiti chake, akitazama dirishani. Nakiru alidhani anaogopa kisu, akawa anamweleza kuhusu dawa ya ganzi. Mimi nilijua sivyo. Mtu huyu aliwahi kutolewa mshale begani akiwa amekaa anakunywa maziwa.

Kesho yake aliniita, akaniambia kinachomsumbua. Kilikuwa akiriket, kikao cha wazee cha nyama na sala.

Wazee wanapokula nyama ya maombi hukaa nusu duara juu ya majani, kila mtu mahali pake kwa umri na heshima yake, na kila mtu juu ya ekicholong chake. Vichwa vyote vinakuwa sawa. Nyama inagawanywa kwa mahali, sala inasemwa kwa mahali. Asiye na mahali hukaa nyuma na watoto na wageni, akitupiwa. Kuhusu kukaa juu ya vichwa vya wazee, sijawahi kuona aliyethubutu isipokuwa maofisa wa serikali, nao tulikuwa tukiwacheka wakishaondoka. Mahali pa Ewoi palikuwa pa pili kutoka kulia, na Lokeno alikaa wa tatu. Sasa Ewoi alitakiwa kuchagua kati ya mguu na mahali.

"Nikipata mguu nikakosa pa kukaa," aliniuliza, "nitakuwa natembea kwenda wapi?"

Aliwaza siku kadhaa. Kisha akafanya ambalo mtu wa zamani angefanya. Akawaita wazee, akamchoma mkuki maksai wake wa kijivu mwenye pembe zilizopindwa, yule aliyekuwa akimwimbia, ambaye jina lake ndilo watu walilomwitia Ewoi ujanani. Maksai wa namna hiyo hauzwi, na hachinjwi kwa jambo dogo. Wazee walikaa, wakala. Waliposhiba, Ewoi alisimama kwa fimbo akasema shida yake yote, nyonga, chuma, na kiti kirefu. Aliwaomba kwamba atakaporudi wamruhusu kukaa mahali pake akiwa juu, na wasione ni dharau.

Lokeno ndiye aliyemjibu. Alishika mkuki, akatembea mbele ya nusu duara kama wanavyofanya wasemaji wetu, akasema kila sentensi nao wakaiitikia.

"Kiti hicho ni kirefu?"

"Ni kirefu."

"Lakini ni cha nani?"

"Ni chetu."

"Na mahali pa Ewoi?"

"Hapaguswi."

Wakampaka majani ya tumboni mwa maksai, kifuani na kwenye ile nyonga mbovu, wakamtemea baraka. Nilimwona Ewoi siku ile akitembea kwenda nyumbani kama mtu ambaye tayari ameshapona.

Baada ya hapo alijiandaa kwa moyo wote. Tumbaku aliiacha. Alimkasirikia kila mtu kwa wiki kadhaa, kisha akaacha na hasira. Asubuhi alilala chali kwenye ngozi, akakaza paja kama alivyofundishwa, akaachia, akakaza tena, huku wajukuu wakimhesabia kwa sauti na kumdanganya hesabu. Alijifunza kutembea na magongo kabla ya kuyahitaji, ili mwili uyazoee. Nakiru aliinua kitanda chake juu ya matofali, na akawahamisha mbuzi waliokuwa wakilala mlangoni, wasije wakamwangusha. Mlango wa ile nyumba ya makuti ya mkoma, ambao huwezi kuupita bila kuinama, Ewoi hakutaka uguswe. Mke wake marehemu ndiye aliyeijenga. Basi alikubali kwamba atalala katika chumba cha mabati cha Nakiru, na ile nyumba aitazame kwa nje.

Kiti alikitengeneza Gatjang, seremala Mnuer wa kule kambini, mtu mrefu ambaye akisimama karibu na mlango unadhani ni sehemu ya fremu. Alimpima Ewoi kutoka kisigino hadi goti kwa kamba, akaongeza kidogo.

"Mimi najua mambo ya urefu, mzee," alisema. "Hii utakaa kama chief."

"Hilo ndilo ninaloliogopa," Ewoi akajibu.

Gatjang alitengeneza pia sanduku lenye tundu la kuweka juu ya choo cha shimo. Lilipokuwa likipita sokoni juu ya mkokoteni, wanawake waliuliza ni kiti cha nani, na Gatjang akawaambia kwa Kiarabu chake cha Juba na Kiswahili chake kwamba ni kiti cha mkubwa, kiko na dirisha. Ewoi alicheka mpaka akashika nyonga.

Kile kiti kirefu alikizoea kwa siri. Alikiweka nyuma ya nyumba, akakaa jioni, mgongo umenyooka, mikono juu ya mbao. Nakiru alimkuta huko siku moja akamuuliza anajisikiaje.

"Naona Kakuma yote," alisema. "Hakuna kizuri."

Lakini alikuwa akitabasamu.

Siku chache kabla ya kwenda kulazwa, Lokeno alikuja. Alikaa chini juu ya ekicholong chake, Ewoi akiwa juu ya kile kiti, na naamini hata hilo halikumpendeza. Alizunguka sana. Aliuliza habari za mbuzi, za mvua, za wajukuu. Mwisho alisema wazee wamekutana tena. Wamefikiri. Mila ni mila, mtu hawezi kukaa juu ya vichwa vya wenzake wakati wa sala, mvua itakataa. Ewoi atakaribishwa, lakini nyuma, upande wa wageni. Na ili pale pa pili pasibaki wazi, yeye Lokeno amesogea. Ni kwa muda tu.

"Mlikula maksai wangu," Ewoi alisema.

"Tulikula pamoja, lopae."

"Ndiyo. Tulikula pamoja."

Lokeno alipoondoka, Ewoi alimwambia Nakiru awarudishe mbuzi mlangoni. Kile kiti alikisukumia uani, na kufika jioni kuku walikuwa wamekipanda. Alisema hatakwenda kukatwa. Nakiru alilia, kisha akagomba, kisha akalia tena, na mzee akawa anamtazama kana kwamba analia mtoto wa jirani. Aliweza kuishi na maumivu, alisema, mradi ayaishi akiwa amekaa kwake. Angekwenda akiriket na ekicholong chake, hata kama angebebwa.

Ila jambo moja halikumruhusu kukaa tu nyumbani. Kulikuwa na watu Lodwar wanaomngoja siku fulani, na kwa Ewoi mtu anayekungoja humwachi akakungoja bure. Simu hakuiamini kwa maneno mazito. Alisema atakwenda mwenyewe kumwambia daktari hapana, uso kwa uso, kisha arudi. Nakiru akafunga nguo za mzee kwenye mfuko hata hivyo.

Tulifika Lodwar asubuhi. Nakiru aliomba tusimame kidogo karibu na hoteli moja anunue beseni, na mimi na Ewoi tukashuka kunyoosha miguu. Uani mwa ile hoteli palikuwa na hema jeupe na bango kubwa. Ewoi aliniuliza linasema nini. Nililisoma mara mbili kabla ya kumwambia. Lilisema ni mkutano wa wazee wa kuhifadhi mila.

Ndani ya hema walikuwa wazee wetu wa Kakuma. Wote. Walikuwa wamekaa nusu duara, kila mtu kwa mpangilio wake, juu ya viti vyeupe vya plastiki vyenye mikono. Mbele yao palikuwa na soda. Ekicholong vyao vilikuwa chini ya viti kama viatu vilivyovuliwa. Wa pili kutoka kulia alikuwa Lokeno, fulana ya mkutano juu ya shuka lake, kadi yenye jina imening'inia shingoni.

Ewoi alisimama pale mlangoni mwa hema kwa muda. Kisha akaingia na magongo yake mpaka katikati, pale ambapo kwenye akiriket huwekwa nyama. Akavua ekicholong mkononi, akakiweka chini. Akaanza kushuka.

Sitaki kueleza kule kushuka. Nyonga ile haikuwa imekunjwa hivyo kwa miezi mingi. Alipofika chini jasho lilikuwa limemfunika uso, na kichwa chake kilikuwa sawa na magoti yao. Aliyatazama yale magoti, moja baada ya jingine, kuanzia kushoto.

"Ejok, wazee," alisema. "Nimekuja kukaa kama mila inavyosema."

Hakuna aliyejibu salamu. Katika maisha yangu yote sijawahi kusikia salamu ya Mturkana ikianguka chini hivyo.

Dada mmoja wa mkutano, aliyetoka Nairobi kwa namna alivyoongea, alikuja mbio na kiti cha plastiki. Akamsihi mzee asikae chini, akae juu ya kiti kama wenzake, viti viko vingi.

"Mwambie," Ewoi akaniambia, "hawa walinikataza kukaa juu."

Nikamwambia. Alidhani ni utani wa wazee, akawageukia akicheka, akitaka wamweleze. Wote waliinamia soda zao.

"Lopae," Ewoi akasema. "Niinue. Siwezi peke yangu."

Lokeno aliinuka. Alimshika kwa mikono yote miwili chini ya makwapa, na ile kadi yenye jina ikawa inampiga Ewoi shavuni wakati wote wa kumwinua. Ewoi alibaki amemshika bega mpaka pumzi ilipomrudia. Walikuwa karibu hivyo, wazee wawili, na mtu asiyejua angedhani wanakumbatiana. Kisha akamwachia, akachukua magongo, na ekicholong chake akakiacha pale kwenye nyasi.

"Ulichukua mahali," alisema. "Chukua na kiti chake."

Nje, Nakiru alikuwa amesimama na beseni jipya. Alimtazama baba yake usoni, akamuuliza kama warudi nyumbani.

"Kufanya nini?" alisema. "Nilikuwa nakataa kisu kwa sababu ya mahali. Mahali hapapo. Twende nikakatwe."

Basi tukaenda. Walimpokea, wakampima damu, wakamwosha kwa sabuni ya dawa, wakamchora alama ya kalamu juu ya nyonga mbovu ili kisu kisije kikakosea upande. Aliambiwa asile wala asinywe kitu. Alikubali kila jambo kwa utulivu ambao haukunipendeza, utulivu wa mtu aliyemaliza kubishana.

Jerotich alikuja kumwona kitandani. Alifurahi sana kuona paja lilivyokaza, akamsifu kwa mazoezi. Aliutazama mkono wake akauliza kiko wapi kile kiti chake kizuri. Ewoi akasema amekigawa. Jerotich akasema ni vizuri, wengine hukificha nyumbani na kukikalia kwa wizi. Kisha akaanza kuuliza kuhusu maandalizi ya kurudi, kwa sababu hawamkati mtu asiye na pa kupelekwa.

Kitanda? Kipo, juu ya matofali. Choo? Kipo, chenye dirisha. Hilo nililitafsiri na wakacheka wote wawili. Kiti kirefu? Kipo, kuku watatolewa.

"Na watu?" Jerotich akauliza. "Wa kukuinua kitandani, wa kukuvisha viatu, wa kuokota kitu kikianguka. Watakuwa nani?"

Niliona Ewoi akifungua mdomo haraka, kama mtu aliyeulizwa jambo rahisi. Miaka mingi alikuwa na jibu la swali hilo, na jina la kwanza lilikuwa la lopae wake. Mdomo ulibaki wazi kidogo. Kisha akaufunga.

"Nakiru yupo," alisema.

Jerotich akangoja jina la pili, kalamu mkononi. Akanitazama mimi.

"Huyo anaweza kusoma tu," Ewoi akasema. "Andika Nakiru."